Siku Niliyokataa Singo

Kwetu mwanamke akiulizwa kama ameolewa, hajibu "hapana". Anajibu "bado". Hata bibi mwenye mvi aliyeamua zamani kuishi peke yake na kuku wake atasema "bado", na aliyeuliza ataitikia "inshallah", na mazungumzo yataendelea. "Hapana" ni neno la kufunga mlango, na hakuna anayejifungia mlango mbele ya wageni.

Mimi nilifungiwa na mama yangu, tena kwa upendo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimerudi nyumbani Kirumba kwa likizo ya chuo. Tulikuwa tumekaa sebuleni na mgeni, mama mmoja aliyekuja kwenye msiba wa jirani. Akanitazama usoni, akatazama mikono yangu, kisha akamgeukia mama.

"Na huyu, ameolewa?"

"Hapana," mama akasema. "Huyu yupo na mimi."

Alisema hivyo huku akinisogezea kikombe cha chai. Mgeni hakuitikia inshallah. Alisema, "Mungu atakulipa, mama," kama tunavyowaambia watu wanaouguza.

Nilizaliwa nimefungwa ndani ya utando unaong'aa, kama kitu kilichotoka dukani. Utando ulipochanika, ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa kavu, imegawanyika vipande vipande mwili mzima. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina refu ambalo mama alilisahau kabla hajafika stendi. Alichokumbuka ni kwamba hauambukizi, hauponi, na kwamba mtoto huyu hatatoa jasho, kwa hiyo asiachwe juani. Mtaani hawakuhitaji jina refu. Waliona magamba. Kuzaliwa na magamba katika mji unaoishi kwa samaki ni kuwapa watoto wenzako mzaha ulioiva tayari.

"Sato huyo! Sato kapita!"

"Wa kukaanga au wa kuchemsha?"

Nilijifunza kucheka kabla yao, na hilo lilinisaidia shuleni. Halikunisaidia nilipokuwa mtu mzima.

Mama alinipaka mafuta ya mgando asubuhi, mchana na jioni. Akisafiri, alinipaka shangazi. Hospitalini walinipaka wauguzi waliovaa glavu. Sikumbuki mkono mkavu ulionigusa. Nilikua nikijua kuguswa kama kazi ambayo mtu fulani lazima aifanye, na kazi yangu mimi ilikuwa kukaa kimya mpaka iishe. Kwa hiyo nilipoanza kutamani mwanamume, kama mwanamke yeyote, sikujua tamaa hiyo niiweke wapi. Mwili ulikuwa wa mama, wa daktari na wa chupa ya glisirini. Mimi nilikuwa nimepanga tu humo ndani.

Nilitaka kitu kimoja, na sikumwambia mtu: siku moja nishikwe na mtu asiyenitibu, na nisijikunje.

Chuoni alikuwepo kijana aliyenipenda kwenye simu. Ujumbe wake ulikuwa mtamu kiasi kwamba nilikuwa nausoma nikiwa nimefunika kioo kwa kiganja. Kukutana kwetu kulikuwa baada ya magharibi, mimi nimevaa mikono mirefu. Mchana tukipishana kantini alinisalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa benki. Nilivumilia muhula mzima. Kibaya zaidi, nilikubaliana naye. Kwa kijana yule nilijifunza kwamba nikibahatika kupendwa, nitapendwa gizani, na kwamba nilipaswa kulishukuru giza.

Baada ya chuo nilipata kazi katika duka la kuchapa na kutoa kopi, mjini kati. Mashine za kopi zinatoa joto kama majiko, na nilikubali kazi ile kwa sababu moja tu: dukani kulikuwa na kiyoyozi. Kiyoyozi kikafa. Nikawa nakaa na taulo bichi shingoni, nimeweka ndoo ya maji chini ya meza, mpaka alipokuja fundi.

"Pore sana, dada," alisema akiwa juu ya ngazi. Ni mtu wa Sengerema, na kinywani mwake l na r hubadilishana viti wakati wowote zinapojisikia. "Hiki kimekufa lini?"

"Juzi."

"Na hilo tauro?"

"Mimi sitoi jasho. Joto likizidi naanguka."

Nilisubiri aseme "maskini". Alishuka ngazi, akafuta mikono, akanitazama kwa makini kama mtu aliyeletewa mashine ambayo hajawahi kuifungua.

"Kwa hiyo wewe gesi ipo, ila kondensa ya kutoa joto imeziba."

Nilicheka mpaka mteja akageuka. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa maneno yasiyotoka hospitalini wala sokoni.

Kiyoyozi kilipona siku ile ile, lakini fundi aliendelea kuja kukikagua. Bosi wangu akaanza kuuliza, "Hivi huyu mbona anatengeneza kitu kizima?" Wiki iliyofuata fundi akaniomba tutembee. Nikamwambia sawa, jioni. Akasema jioni anavuka na kivuko kwenda kumwona mama yake. Kwa nini isiwe asubuhi, jua likiwa bado changa, na yeye atabeba maji ya kunimwagia?

Tukatembea asubuhi, watu wakiona. Tulipita karibu na soko la samaki, ambako wanawake wanaopara samaki walikuwa wamekaa mstari mzima, visu vinakwenda, magamba yanaruka. Mmoja alimjua.

"Fundi! Umepata sato mzima leo!"

"Nimepata," akajibu, bila kupunguza mwendo. "Na sigawi hata kichwa!"

Wale wanawake waligonganisha visu kwa kushangilia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka kabla yao kama kawaida, nikajikuta nimechelewa, kwa sababu nilikuwa natabasamu.

Alipotaja ndoa nilimpa sharti. Tulikuwa tumekaa kivulini, nyuma ya jiwe moja kubwa la Ilemela.

"Ukinioa, tutakuwa tunazima taa. Kila mara. Na mimi nitavaa nguo."

"Gizani mimi sioni nyaya," alisema. Kisha, alipoona sicheki, "Lakini nimesikia. Ni sharti lako."

Wazee wake wakaja Kirumba kuposa. Mmoja wao, mjomba wake, alikula, akashiba, akakohoa, akauliza kwa adabu zote kama hali hii inaambukiza. Mshenga, aliyekuwa mtani wake, akamjibu, "Hilo pilau unaloling'ang'ania kapika yeye kwa mikono yake. Kama inaambukiza, mzee, umechelewa kuuliza." Posa ikapita katikati ya kicheko.

Mama peke yake hakucheka. Usiku wa posa aliponipaka mafuta alisema, taratibu, kwamba yule kijana atanichoka. "Mimi ni mama yako, ndiyo maana sichoki." Hakusema kwa kuniumiza. Alikuwa anaogopa kwamba nitarudishwa.

Mimi nilikuwa na hofu yangu. Wanawake wa kwetu hawaingii ndoani hivi hivi. Wanafundwa. Analetwa somo, mwanamke mtu mzima anayemfunda mwali, na siku chache kabla ya harusi mwali anawekwa ndani, anasingwa: anasuguliwa mwili mzima kwa singo, mchanganyiko wa liwa, dalasini, karafuu na maji ya waridi, mpaka ngozi iwe laini na inukie. Wakati mikono inasugua, midomo inafundisha. Humo ndimo wanawake wanaambiana yasiyosemwa sebuleni. Binti wa shangazi yangu alipoolewa, rika langu lote liliruhusiwa kuingia kusikiliza. Nilipofika mlangoni shangazi alinishika kiwiko. "Wewe mama nenda kaangalie wali usiungue." Niliuangalia wali. Nilisikia wanavyocheka ndani, na sikujua walicheka nini.

Kwa hiyo unaweza kufikiria nilivyoingia chumba kile siku yangu. Nilikaa juu ya mkeka, nimevaa kanga moja, kama mtu anayesubiri jina lake kwenye matokeo. Shangazi alikuwepo, na wanawake wengine wawili wa ukoo, na somo aliyeletwa kutoka Mirongo, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza na hina mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwali. Leo tutakutengeneza."

Nikatazama beseni. Singo ilinukia vizuri, lakini ilikuwa na chenga: walikuwa wametia humo mchele uliosagwa nusu, wa kukwaruza. Pembeni kulikuwa na madodoki mawili mapya, na jiwe la kusugulia visigino.

"Tumpare vizuri kwanza," shangazi akamwambia somo, "halafu ndiyo manukato."

Tumpare. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amekesha akiwaza namna ya kunisaidia, na mji wetu una njia moja ya kushughulikia magamba. Alidhani mimi niko chini, laini kama minofu, na kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyesugua vya kutosha. Lakini najua ngozi yangu. Ikisuguliwa hivyo inachanika, inatoka damu, inashika homa. Na kinachoota baada ya hapo ni magamba yale yale.

"Sisingwi," nikasema.

Somo aliacha kukoroga singo.

"Usitutie aibu, mama," shangazi alisema. "Mwanamume hawezi kulala na..."

"Na nini, shangazi?"

Aliangalia dodoki. "Na ukavu."

Somo aliweka mikono magotini. "Mimi simfundi mwali asiyesingwa," alisema. "Ndivyo nilivyofundwa na mimi. Singo kwanza, maneno baadaye."

Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hamu ya maneno yale kuliko kitu chochote duniani. Ningeweza kukubali, nikachubuliwa, nikaingia kwa mume wangu na vidonda lakini nimefundwa kama wenzangu. Nilifikiria hivyo kweli, kwa muda mfupi ambao najionea huruma nikiukumbuka. Kisha nikajifunga kanga, nikasimama.

"Basi nitakwenda hivi hivi, bila kufundwa."

Nilipofungua mlango, mama alikuwa amesimama pale, ameshika kopo la mafuta ya mgando. Hakupaswa kuwa pale. Mama hamfundi binti yake, wala hakai karibu na chumba anapofundwa. Ni aibu kubwa, na mama yangu ni mtu wa kuogopa aibu. Aliingia, akafunga mlango kwa ufunguo, akauweka kifuani.

"Singo ni ya kumlainisha mwali," alimwambia somo. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, dada."

"Huyu analainika kwa hiki." Akamkabidhi kopo. "Pakeni, mfundeni. Amefikia siku yake kama wengine." Akaenda kusimama kwenye kona, akageukia ukutani.

Somo alilitazama kopo, akanitazama mimi. Alipozungumza tena sauti yake haikuwa ya kuagiza.

"Dada, sikatai. Ila mwili huu siujui. Waliopita mikononi mwangu walikuwa wamefanana, naanza hapa namalizia hapa. Huyu nitamwambia nini?" Akanikalisha mkekani, akanishika kidevu. "Mwali, unaumia wapi? Na unasikia raha wapi?"

Swali la kwanza nimeulizwa na kila mtu aliyevaa koti jeupe. La pili lilikuwa geni.

"Astaghfirullah," shangazi akasema, "na mama yake yupo!"

"Mimi nimeziba masikio," mama akajibu kutoka ukutani.

"Umeziba kwa kitu gani, na mikono umeifunga kifuani?" shangazi akauliza.

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, kile kicheko cha nyuma ya mlango, na safari hii nilikuwa upande wa ndani. Wakacheka mpaka somo akajifuta machozi kwa mikono yake ya hina, na kabla hakijaisha nikaanza kusema. Nikasema mikunjo ya kwapa na magoti hupasuka, pasivutwe. Viganja vyangu ni vigumu, lakini vinasikia joto la mtu kabla sijamgusa. Mgongoni ngozi ni nene, na mkono mwepesi unanitekenya vibaya. Nataka mkono wenye uzito. Nikasema kuhusu nyuma ya shingo. Nikasema na mengine, ambayo yamebaki chumbani mule. Nilishangaa nilivyokuwa najua mengi. Kumbe yule mpangaji alikuwa amezunguka nyumba nzima, anajua kila chumba.

Somo alisikiliza huku akipaka mafuta polepole, akiuliza, "Hivi? Au hivi?" Nilikuwa namjibu. Na alipomaliza alisema, "Haya yote kamwambie yeye, kwa sauti hii hii. Mumeo si mpiga ramli."

"Na nikiona haya?"

"Ona haya ukishamaliza kusema."

Kisha akanifunda yaliyobaki, yale ya kila mwali: namna ya kuomba, namna ya kukataa bila kununa, namna ya kucheka mambo yakienda mrama, kwa sababu yatakwenda mrama. Shangazi alikuwa amelisukuma jiwe la visigino nyuma ya mlango kwa mguu, taratibu, akidhani sioni.

Tukaoana Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana nilipelekwa kwa mume wangu, vyumba viwili vya kupanga juu Ilemela, kati ya mawe. Alikuwa amefunga kiyoyozi kipya, amekijaribu, amekifuta. Chumba kilikuwa baridi kama ndani ya mtungi. Na kilikuwa na mwanga mweupe wa mchana kila kona, kwa sababu fundi wangu alikuwa amewaza kila kitu isipokuwa mapazia.

Alipoona ninakotazama alishika kichwa. "Mapazia! Nimesahau. Na sharti rako..." Tayari alikuwa anavuta kigoda. "Nipe kanga hiyo nizibe. Dakika moja tu."

Nilimpa kanga. Akapanda kigodani, akaanza kuifunga kwenye nondo, na chumba kikaanza kuwa cheusi upande mmoja. Nje hapakuwa na mtu wa kutuona. Dirisha linatazama jiwe. Giza lile lilikuwa la kunificha kwake tu, na lilikuwa linashuka kwa mikono yake, kwa heshima kabisa, kama nilivyoagiza. Nikamtazama mtu mzima aliyesimama juu ya kigoda siku ya harusi yake, akihangaika na fundo.

"Shuka," nikasema.

"Bado upande huu."

"Shuka na uitoe. Nina mambo ya kukuambia, na nataka unione ninavyoyasema."

Alishuka. Tukakaa kitandani, na nikamwambia. Haya niliiona, lakini niliiona baadaye, kama nilivyoagizwa. Alisikiliza kama anavyosikiliza injini, kichwa kimeinama upande. Aliuliza swali moja tu, nikamjibu, kisha akaweka mkono wake mgongoni kwangu. Mkono wa fundi ni mgumu, una makovu ya waya. Ulikuwa mkavu. Aliuacha pale, na uzito wake wote, bila kufanya kazi yoyote. Nilisubiri mwili wangu ujikunje. Nilisubiri sana. Ulichofanya ni kumsogelea.

Kesho yake asubuhi nilisikia viatu vya wanawake vikipanda kati ya mawe, na mtu akihema. Ni desturi: somo huja kumjulia hali mwali, na jibu lake likiwa zuri, wanapiga vigelegele. Mume wangu alijifunika shuka mpaka kichwani. Nilivaa, nikaenda chumba cha mbele, nikasogea dirishani, jua lote likinipiga usoni. Somo alikuwa mbele. Shangazi alikuwa amebeba hotipoti. Mama alikuwa nyuma kabisa, karibu na jiwe la chini, kama mtu anayejiandaa kupokea mzigo uliorudishwa.

"Mwali!" somo aliita. "Tupige, au tusipige?"

"Pigeni!"

"Hatujasikia!"

"Nimesema pigeni! Na mama apige!"

Wa kwanza alikuwa somo, kisha shangazi, hotipoti ikiyumba. Mama aliinua uso. Alichelewa kidogo kupata pumzi. Kisha sauti yake ikatoka, nyembamba, kali, ndefu kuliko zao zote, ikagonga mawe ikarudi, na wanawake wa nyumba za juu, ambao hawakujua harusi ni ya nani, wakatoka milangoni wakaipokea.